Sauti ya Paul Robeson kwa wafanyakazi: rekodi zake ziko wapi, na santuri ya babu ifanyiwe nini

Swali: Shikamoo mzee. Babu mzaa mama alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alituachia santuri moja nzito, nyeusi, yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni na jina la Paul Robeson. Mama anasema babu alizoea kusema, "Huyu mwenzetu, anawaimbia makuli." Nimesoma kwamba aliimbia wachimba migodi na wajenzi, akapigania haki za watu weusi Marekani, na eti alijifunza Kiswahili. Ni kweli? Rekodi za mikutano hiyo zipo, na mtu aliye Mombasa atazisikia vipi? Na hii santuri niisafishe, niipige, au niiweke tu? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka. Santuri ya babu usiipige bado, na usiifute kwa spiriti wala dawa yoyote yenye alkoholi. Nitalirudia hilo kwa kirefu nikimaliza mengine. Swali lako limenifurahisha kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi ya kuhifadhi sauti, watu wameniuliza juu ya Robeson kuwa aliimba vipi, sauti yake ilishuka hadi wapi. Aliimba mbele ya nani, hilo huulizwa mara chache. Babu yako alilijua.

Naye hakukosea. Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akawa mchungaji wa kanisa. Paul alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akawa nyota wa mpira wa Kimarekani, akasomea sheria Columbia, kisha akaiacha sheria akashika jukwaa. Hayo utayakuta popote. Ambalo hulikuti kwa urahisi ni kwamba rekodi zake ziko mafungu mawili yasiyofanana hata kidogo. Santuri ya babu ni ya fungu la kwanza. Maneno ya babu ni ya fungu la pili.

Fungu la kwanza ni la studio. Mwaka 1925, baada ya onyesho lake la New York na mpiga piano Lawrence Brown lililojaa nyimbo za kiroho za watumwa tu, kampuni ya Victor ilimrekodi. Mwaka 1928 alikwenda London kuigiza, na kampuni ya HMV, ile ya mbwa na gramafoni, ikaanza kumrekodi huko. Hapa nikutajie jambo linalonigusa kila nikilikumbuka: mwaka huohuo wa 1928, HMV ilimsafirisha Siti binti Saad kutoka Unguja hadi Bombay kumrekodi kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa mtumwa aliyetoroka na binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu waliingia kwenye mitaro ya santuri za kampuni moja, mwaka mmoja, na santuri zao zikaja kuuzwa kwenye maduka ya pwani hii hii. Sishangai kwamba moja ilifika kwa kuli wa Kilindini.

Rekodi hizo ni safi na zimepangwa. Lakini kampuni ndiyo iliyochagua wimbo, na kampuni ndiyo iliyoamua upande wa santuri uishe baada ya dakika tatu na kidogo. Hakuna hotuba. Hakuna mtu anayekohoa. Husikii Robeson akiwageukia watu na kuwaambia kwa nini anauimba wimbo ule siku ile.

Fungu la pili lilizaliwa mahali pengine: ukumbi wa chama cha wafanyakazi, uwanja wa wazi, mgongo wa lori, jengo ambalo halijaisha. Mara nyingi aliyeshika mashine ya kurekodi alikuwa mwanachama tu, na aliyelipia kanda ni mfuko wa chama. Nataka uelewe kwa nini ilikuwa hivyo, maana bila kujua sababu utaisikia mikwaruzo ya kanda hizo na kudhani ni uzembe.

Mwezi Januari 1947 Robeson alikuwa St. Louis, amesimama na bango mbele ya ukumbi wa maonyesho uliowabagua weusi. Hapo alitangaza kwamba ataacha matamasha ya kawaida kwa miaka miwili ili sauti yake aitumie kupinga chuki ya rangi. Angalia kalenda, mwanangu. Januari hiyohiyo, kuanzia tarehe 13, Mombasa nzima ilisimama kwa mgomo mkuu: makuli wa bandarini, watu wa reli, wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani. Kama babu yako alikuwa Kilindini wakati huo, alikuwa ndani ya mgomo ule. Sisemi kwamba mmoja alimsikia mwenzake. Nasema tu kwamba babu akisema "mwenzetu", hakuwa akitia chumvi.

Aprili 1949 Robeson alizungumza kwenye mkutano wa amani Paris. Shirika la habari likasambaza Marekani maneno makali yaliyomfanya aonekane amesema weusi wa Marekani hawatapigana kamwe dhidi ya Urusi. Maneno yaliyochapishwa hayakuwa yale aliyoyatamka, lakini magazeti yalikwishatoka. Septemba mwaka huo, tamasha lake karibu na Peekskill, New York, lililindwa na wanachama wa vyama vya wafanyakazi waliosimama bega kwa bega kuzunguka uwanja, na bado watu waliokuwa wakirudi nyumbani walipigwa mawe barabarani, zaidi ya 100 wakaumia. Mwaka 1950 televisheni ilimfungia mlango, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaifuta paspoti yake. Kumbi zikamkataa. Kampuni za santuri zikaacha kumrekodi.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu wa kazi yangu anazithamini kanda zenye mikwaruzo. Gazeti likikosea, au likidanganya, ushahidi unaobaki ni sauti yenyewe. Na kwa miaka minane, waliokuwa tayari kuirekodi sauti ile walikuwa hasa wafanyakazi, makanisa ya weusi na marafiki wachache. Mwanawe na wenzake walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Othello, wakauza santuri bila duka, mkono kwa mkono na kwa posta.

Rekodi ninayokushauri uanze nayo ni ya mpakani, kati ya Marekani na Kanada. Chama cha wachimbaji na wayeyushaji madini, kikijulikana kwa kifupi kama Mine-Mill, kilimwalika Robeson kwenye mkutano wake Vancouver mwanzoni mwa 1952. Kwa kawaida Mmarekani hakuhitaji paspoti kuingia Kanada, lakini yeye alizuiwa mpakani na maofisa wa nchi yake mwenyewe. Akarudi Seattle, akawaimbia wajumbe kwa simu. Chama hakikuridhika na simu. Tarehe 18 Mei 1952 kililileta lori kwenye bustani ya Peace Arch, pale mstari wa mpaka unapopita kwenye nyasi, kikaliegesha upande wa Marekani hatua moja tu kutoka Kanada. Robeson akapanda, Lawrence Brown akakaa kwenye piano, na maelfu kwa maelfu ya watu wakasimama pande zote mbili za mpaka. Chama kilirekodi, kisha kikatoa santuri yake chenyewe.

Ukiisikiliza, usikimbilie nyimbo. Sikiliza kwanza uwanja. Sauti haina kuta za kurudi, inatoka na kupotelea hewani, na makofi yanakuja kama kutoka mbali kwa sababu watu wametapakaa. Sikiliza anavyozungumza kabla ya kuimba: taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, wakati anajua nyuma yake yupo ofisa anayeandika. Kisha anaimba ule wimbo wa Joe Hill, mtunzi wa nyimbo za wafanyakazi aliyepigwa risasi kwa hukumu ya mahakama huko Utah mwaka 1915. Ni wimbo wa ndoto: mwimbaji amemwona Joe Hill yu hai, naye anamwambia hakufa, yupo popote wafanyakazi wanapogoma. Chumbani ni wimbo mzuri tu. Mbele ya wachimba madini, kwa mwaliko wa chama chao, na mwimbaji mwenyewe amefungiwa nchini mwake, ni jambo jingine kabisa.

Sasa chukua wimbo mmoja uutafute katika tarehe tofauti. Mimi huwapa vijana wanaokuja kujifunza kazi hii ule wimbo wa mto, Ol' Man River, ambao Robeson aliubeba maisha yake yote. Rekodi ya 1928 ina maneno kama yalivyoandikwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani: mchukuzi mweusi amechoka kuishi na anaogopa kufa, na mto unapita bila kujali. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa vita vya Hispania, ambako alikwenda mwenyewe mwaka 1938 kuwaimbia askari wa Jamhuri, Robeson aliyageuza. Mchukuzi sasa anacheka badala ya kulia, na anasema ataendelea kupigana mpaka kufa. Yale maneno ya kuwadharau weusi yaliyokuwa ndani ya wimbo akayaondoa. Tuni haikubadilika hata nota moja. Ukizipanga rekodi kwa tarehe na kuzisikiliza mfululizo, utamsikia mtu akiuchukua wimbo ulioandikwa na wengine kumhusu yeye, akaurudisha mikononi mwake. Kwenye rekodi za mikutano, mstari ule wa kupigana ukifika, watu hawasubiri wimbo uishe. Makofi yanamkatiza. Katika studio hakukuwa na wa kumkatiza.

Ndiyo maana mtu akiniambia "nimeusikia wimbo ule wa Robeson", swali langu la kwanza ni: wa mwaka gani, na wapi?

Kuna rekodi ya Wales ambayo sijawahi kuisikiliza nikabaki mkavu. Urafiki wa Robeson na wachimba makaa ya mawe wa Wales ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, alipokutana London na wachimbaji wasio na kazi wakiandamana huku wakiimba, naye akajiunga nao barabarani. Mwaka 1939 aliigiza filamu katika mabonde yao, ikatoka 1940. Alipofungiwa, hawakumsahau. Mwaka 1956 ulifunguliwa waya wa kwanza wa simu kupita chini ya bahari ya Atlantiki, kati ya Scotland na Newfoundland, na wenye akili wakaona upesi: paspoti yake ilikuwa imechukuliwa, lakini hakuna aliyekataza kumpigia simu. Mei 1957 aliimbia ukumbi wa St Pancras, London, kupitia waya huo. Tarehe 5 Oktoba 1957 aliimbia tamasha la wachimba migodi huko Porthcawl, naye ameketi kwenye studio New York. Ukumbini walikuwa watu kama 5,000.

Kanda ile inaanza na Will Paynter, rais wa chama cha wachimbaji wa Wales Kusini, akimsalimu Robeson kwa jina, kama mtu anayepokea simu ya ndugu aliye ng'ambo. Robeson anajibu. Anaimba. Kwaya ya wanaume ya Treorchy inamjibu kwa wimbo, halafu ukumbi wote. Kuna uvumi wa waya, na sauti ya Robeson imepoteza sehemu ya uzito wake njiani. Kampuni fulani ikikuuzia toleo "lililosafishwa" ambalo uvumi ule wote umeondolewa, mimi naona wamekunyima kitu. Uvumi ule ni bahari. Na kila programu ya kuondoa kelele inapokata kelele hukata na pumzi ya mwimbaji, na mwangwi wa ukumbi, na mtu wa safu ya nyuma anayeitikia. Katika hifadhi tunatunza nakala isiyoguswa, na nakala ya kusafishwa hutengenezwa pembeni.

Juni 1958, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya watu wengine kwamba wizara haiwezi kumnyima raia paspoti kwa sababu ya itikadi yake. Robeson akapata yake, na mwaka huohuo akasimama Wales mwenyewe, kwa miguu yake. Mwezi mmoja kabla ya hukumu alikuwa amekwisha imba Carnegie Hall, New York, na tamasha hilo la 9 Mei 1958 limehifadhiwa vizuri sana. Ukitaka rekodi ya umri wake mkubwa yenye sauti safi, chagua hiyo.

Ya Sydney ni ya kutazama zaidi kuliko kusikiliza. Tarehe 9 Novemba 1960, wakati Opera House, jumba la maonyesho la Sydney, Australia, ilipokuwa bado zege na vyuma, chama cha wajenzi kilimkaribisha pale kwenye ujenzi, Bennelong Point, saa ya chakula cha mchana. Amevaa koti zito, mkono mmoja uko sikioni, anaimba bila piano, na wajenzi wamekaa juu ya majukwaa ya ujenzi na kofia zao wakimtazama kutoka juu. Jengo lilifunguliwa miaka 13 baadaye.

Nisikufiche upande mgumu. Juni 1949 aliimba Moscow, na rekodi ya tamasha hilo ipo. Mwishoni aliimba kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wimbo wa wapiganaji Wayahudi uliochochewa na maasi ya geto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, na kila mtu ukumbini alijua maana yake, kwa kuwa wakati ule waandishi na wasanii Wayahudi walikuwa wakikamatwa. Mmoja wao, mshairi Itzik Feffer, alikuwa rafiki yake, na aliuawa Agosti 1952. Maneno aliyoyasema kabla ya kuuimba hayamo kwenye rekodi, wimbo umebaki peke yake. Aliporudi Marekani hakuyasema hadharani aliyoyajua, na aliendelea kuisifu serikali ya Kisovieti. Mimi nampenda sana Robeson na bado nadhani hapo alikosea, na watu waliokuwa jela walistahili sauti ileile aliyowapa wachimba makaa. Sikiliza ile rekodi ukijua yote mawili. Mapenzi yako kwake hayatapungua kwa sababu hiyo, utamjua tu.

Na sasa Kiswahili. Ndiyo, ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiishi London, alijiandikisha kwenye chuo cha lugha za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, akajifunza fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Alikuwa na hoja yake: kwamba mtu mweusi wa Marekani ameambiwa hana utamaduni, na dawa ni kuzisoma lugha zenyewe. Jomo Kenyatta naye alikuwa London wakati huo, tena walionekana katika filamu moja ya 1935, Robeson kama nyota na Kenyatta katika kundi la watu wa pembeni. Filamu ile ilipotoka ikawa inausifu ukoloni, Robeson akaikana. Mkewe Eslanda, aliyesomea anthropolojia, alisafiri mwaka 1936 na mtoto wao hadi Toro, Uganda.

Baadaye Robeson aliongoza Baraza la Mambo ya Afrika, ambalo mwaka 1946 liliwatetea wachimbaji wa dhahabu waliogoma Afrika Kusini, na katika miaka ya 1950 likapaza sauti kwa ajili ya Kenya wakati wa Hali ya Hatari, hadi lilipovunjwa mwaka 1955 kwa kuandamwa na serikali. Wanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje waliwahi kuieleza mahakama kwamba sababu mojawapo ya kumzuia asisafiri ni kuwa kwa miaka mingi amekuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Liweke hilo akilini unapoisikia sauti yake pale mpakani. Sehemu ya kosa lake ilikuwa sisi.

Wapi utazipata? Kosa la wengi ni kutafuta kwa jina lake peke yake, na mtandao unawarudishia nyimbo zilezile ishirini za studio. Tafuta kwa jina la chama, mahali na tarehe. Karatasi na sauti nyingi za familia yake ziko Moorland-Spingarn, Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Chuo cha Sanaa cha Berlin kina hifadhi nzima yenye jina lake, iliyoanzishwa miaka ya 1960 Berlin ilipokuwa imegawanyika, yeye mwenyewe akiwa hai. Nyaraka za Mine-Mill za upande wa Kanada ziko Chuo Kikuu cha British Columbia, na za Marekani ziko Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Za wachimbaji wa Wales ziko Chuo Kikuu cha Swansea, kwenye maktaba yao waliyoijenga kutokana na vitabu vya kumbi za wachimbaji wenyewe. Hifadhi ya redio ya Pacifica, ya Marekani, ina mahojiano marefu ya mwaka 1958 ambamo anazungumza kwa utulivu kuliko mahali pengine popote ninapopajua, na kwa msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake, hayo yanafuatika vizuri.

Ukiziandikia hifadhi hizi, usiombe "rekodi za Robeson". Taja tukio na tarehe, omba namba ya kumbukumbu, uliza kama ipo nakala ya kusikiliza kwa ajili ya utafiti, na uliza nani ana haki ya kuruhusu kuchapisha. Kusikiliza na kuchapisha ni ruhusa mbili tofauti. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100, na za 1947 hadi 1956 miaka 110. Kwa hiyo zile za kwanza za Victor zilizotolewa 1925 zilifunguka tarehe 1 Januari 2026, lakini santuri ya chama ya mwaka 1952 bado sana.

Jihadhari na mambo mawili mtandaoni. Ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge tarehe 12 Juni 1956, pale alipoulizwa kwa nini hakubaki Urusi akajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakiijenga nchi ile, umesomwa na waigizaji mara nyingi, na video hizo husambazwa kana kwamba ndiyo sauti yake. La pili ni kasi. Kanda ikinakiliwa haraka kidogo, besi ya Robeson inapanda na anakuwa mtu mwingine. Tunaigundua hitilafu hiyo kwa mvumo wa umeme uliojificha nyuma ya sauti: Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, Uingereza 50. Ukipima mvumo kwenye kanda ya Marekani ukakuta 63, nakala imekimbia, na utajua kwa kiasi gani.

Tuje kwa babu. Kama santuri ni nzito, ni nyeusi hata kwenye ukingo wa ndani wa tundu la katikati, na inatoa mlio wa kigae ukiigonga taratibu kwa ukucha, hiyo ni ya sheleki, utomvu wa mdudu, na huzunguka mara 78 kwa dakika. Alkoholi huyeyusha sheleki. Ndiyo maana nimepiga kelele tangu mwanzo. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kisha kitambaa laini chenye maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni isiyo kali, ukifuata mzunguko wa mitaro, na karatasi ya katikati isilowe. Ikaushe kivulini. Isimamishe wima ndani ya bahasha ya karatasi, usiilaze chini ya vitabu, na joto la Mombasa liwe mbali nayo, hasa dirisha la jua la jioni.

Sindano ya santuri za miaka ya 1970 haifai. Mitaro ya 78 ni mipana, inataka sindano nene karibu mara tatu. Nyembamba itashuka hadi chini kabisa, iburure uchafu na kuikwaruza santuri. Na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, hata kama jirani anayo na inapendeza, ina kichwa kizito kinachokula mitaro kila ipigwapo. Mtafute mwenye sindano sahihi, ipigwe mara moja, na mara hiyohiyo inakiliwe kwenye faili la WAV, lile lisilobana sauti, biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Hilo faili liweke sehemu mbili. Nakala ndogo ya kusikiliza kwenye simu itatoka humo.

Kabla hamjaipiga, ipige picha pande zote mbili. Soma namba iliyo kwenye karatasi, ambayo kwa santuri nyingi za aina hiyo huanza na herufi B, na ile nyingine ndogo iliyochongwa kwenye utupu kati ya mtaro wa mwisho na karatasi. Hiyo ndogo ndiyo inayosema ilirekodiwa lini. Nitumie zote mbili nami nitakujibu.

Jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa uchungu. Ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na kanda za mikutano ya wafanyakazi wa hapa kwetu. Zilifutwa zote ili zirekodiwe matangazo ya biashara, kwa sababu kanda mpya ilikuwa ghali, na hakuna aliyeona kuwa makuli wakizungumza ni kitu cha kuwekwa. Siku mtakayoipiga santuri ya babu, mkalishe mama yako karibu, washa simu irekodi, na umwache aseme babu alivyokuwa akisema, alikaa wapi akiisikiliza, nani walikuja. Usimkatize, na mlango wa barazani uache wazi hata kama watoto wanapiga kelele. Ila kabla hajaanza, aseme jina lake, mahali mlipo, na tarehe.